Programu ya barua pepe ikifungwa, nani anabaki macho?

SWALI: Assalamu alaikum fundi. Mimi na dada yangu tunaendesha nyumba ya wageni ya vyumba vitano hapa Lamu, upande wa Langoni. Wageni wanatuandikia kwa barua pepe ya nyumba yenyewe, ile yenye jina letu, ambayo tunailipia kila mwaka kwa kampuni moja ya Nairobi. Naisoma kwa Thunderbird kwenye laptopu ya Windows. Nikiifunga Thunderbird sipati habari yoyote mpaka niifungue tena. Mwezi uliopita mgeni alituuliza chumba cha siku nne, akaandika saa mbili asubuhi. Mimi nimeiona baada ya isha, ameshalipa kwingine. Anwani hiyohiyo nimeiweka kwenye simu yangu ya Android, ndani ya programu ya Gmail, na huko pia barua hufika kwa kuchelewa, siku nyingine simu hailii kabisa. Je, kuna njia ya kujulishwa barua ikiingia hata kama programu imefungwa? Sitaki kuiacha laptopu ikiwaka kutwa, umeme na data vyote ni pesa.

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Kwanza pole. Siku nne ni fungu kubwa kwa nyumba ya vyumba vitano, na linalouma zaidi ni kwamba mgeni alikuwa amekuchagua wewe kabla ya huyo mwingine. Alikosa jibu tu.

Njia ipo, ila swali lako nitaligeuza kidogo. Programu iliyofungwa kabisa haiwezi kukwambia chochote, iwe Thunderbird au nyingine yoyote, kwa sababu ikishafungwa haipo tena. La kujiuliza ni hili: wewe ukifunga, nani anabaki macho kwa niaba yako? Kwa hali uliyoieleza, simu ndiyo ibaki macho, laptopu ipumzike. Na huko kuchelewa kwa simu yako kuna sababu inayojulikana, na dawa yake si ngumu.

Barua ya mgeni haiji Langoni. Inatua kwenye seva ya kampuni unayoilipa na inakaa hapo, kama barua zinavyokaa kwenye sanduku la posta. Una S.L.P. yako, una ufunguo, lakini posta haimtumi mtu aje kukubishia hodi. Lazima mtu aende, afungue sanduku, aangalie. Thunderbird ndiye kijana unayemtuma. Ukiiacha na mipangilio iliyokuja nayo, inakwenda kuangalia pale unapoifungua, kisha kila baada ya dakika 10. Ukiifunga, kijana amekwenda kwao. Barua zinaendelea kuingia sandukuni, hakuna kinachopotea, ila hakuna wa kukwambia.

Kwenda na kurudi namna hiyo ni kazi ya kuchosha, ndiyo maana mwaka 1997 ikatolewa kanuni iitwayo IDLE, katika hati inayojulikana kama RFC 2177, kwa seva zinazotumia mfumo wa IMAP, yaani ule unaoziacha barua kwenye seva ili vifaa vyote vizione. Kwa kanuni hiyo kijana harudi nyumbani. Anakaa barazani pa posta, na karani anamwita barua inapoingia. Programu inafungua njia moja hadi kwenye seva, inasema "nangoja", na njia inabaki wazi pasipo mtu kusema neno. Barua ikitua, seva inaita palepale. Hati yenyewe inashauri programu irudie kusema "nangoja" angalau kila dakika 29, maana seva inaweza kumkata aliyekaa kimya nusu saa. Kwa hiyo kungoja kwenyewe ni rahisi mno. Mtandao ukiwa umetulia, hayo maneno machache ya kila nusu saa hayakaribii data ya kufungua picha moja ya WhatsApp. Usiogope kungoja, dada yangu. Data yako inaliwa na mambo mengine, nitayafikia.

Hamu hii ya kujulishwa si ya leo. Mwaka 1980 watu wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley walikuwa na programu ndogo kwenye mfumo wa Unix, kazi yake kuandika mstari kwenye skrini barua mpya inapoingia. Waliiita biff, jina la mbwa aliyejulikana na wote chuoni hapo. Hata hiyo biff ilimwambia aliyekuwa ameingia kwenye mashine tu. Aliyekwisha kutoka hakuambiwa kitu, kama usivyoambiwa wewe leo.

Tuje kwenye neno lenyewe, kufunga. Sisi tunafunga mlango tukiwa ndani, na tunafunga mlango tukitoka. Kompyuta nayo ina kufunga kwa namna hizo mbili, na wengi wanaoniletea shida hii hakuna aliyewahi kuwaonyesha tofauti. Kwenye Windows, ukibonyeza alama ya X ya Thunderbird na hakuna dirisha jingine lake lililo wazi, umetoka na umezima taa. Ukibonyeza kistari kilicho mwanzo wa zile alama tatu za juu kulia, umefunga mlango lakini mtu yuko ndani, na hodi anaisikia. Kwenye kompyuta za Mac mambo ni kinyume: kile kitufe chekundu kinafunga dirisha tu, programu ya barua inaendelea kufanya kazi mpaka uiondoe kwa kubonyeza Command na Q. Ndiyo maana mtu akihama kutoka Mac kuja Windows huona kama kompyuta mpya ina ugonjwa. Haina ugonjwa, mkono wake tu umezoea mlango wa aina nyingine.

Kwa hiyo kwenye laptopu yako fanya hivi, ikusaidie zile saa unazokuwa mezani. Ingia kwenye mipangilio ya Thunderbird, pale penye gurudumu lenye meno, sehemu ya mambo ya jumla. Shuka taratibu utaona kisanduku kinachosema kwamba Thunderbird ikishushwa, ihamie kwenye kona ya saa. Kitie alama. Kuanzia hapo ukibonyeza kistari, dirisha linatoweka, halikusumbui chini ya skrini, na kialama chake kinabaki pale karibu na saa. Mwenye Outlook ya zamani anapata jambo hilohilo kwa kubonyeza kulia kile kialama cha kona ya saa na kuchagua kijifiche dirisha linaposhushwa. Na kama unataka ijiwashe yenyewe laptopu inapowaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, na kwenye folda itakayofunguka bandika njia ya mkato ya Thunderbird. Basi.

Ila kufunika laptopu ni jambo jingine tena. Ukiifunika, mashine inalala, na iliyolala haizungumzi na seva. Karani anaita, aliyeitwa kalala. Ukiamka nayo alfajiri zinamiminika zote pamoja. Unaweza kuiambia Windows isilale kifuniko kikishushwa ikiwa kwenye umeme, lakini hapo unarudi kwenye lile ulilosema hulitaki.

Kuna na programu ndogo za Windows ambazo hazina kazi nyingine ila kuchungulia sanduku na kukutikisia kengele. POP Peeper ni mojawapo. Ni nyepesi kuliko Thunderbird nzima, na kwa mtu anayeshinda mbele ya kompyuta zinafaa. Kwako wewe hazitatui kitu, kwa sababu kompyuta yenyewe bado lazima iwe inawaka. Hali kadhalika Gmail kwenye kivinjari: arifa zake huja ukiwa umeiacha wazi kwenye kichupo, ukifunga kivinjari zimekwisha. Sitakaa sana hapo.

Simu ndiyo penye kazi.

Simu iliundwa kwa ajili ya jambo hili hasa. Apple walianzisha mfumo wao wa kusukuma arifa mwaka 2009, Google wakafuata na wa Android mwaka 2010, na wazo lao lilikuwa moja: badala ya kila programu kuweka mlinzi wake, simu nzima iwe na mlinzi mmoja. Programu zote zinaweza kulala fofofo. Mlinzi anashika njia moja kwa Google au kwa Apple, na ujumbe wa WhatsApp ukija anakwenda kuiamsha WhatsApp, barua ya Gmail ikija anaiamsha Gmail. Ndiyo sababu mtu mwenye anwani ya Gmail anapata barua papo hapo hata kama hajaifungua programu tangu jana. Programu imefungwa, mlinzi yuko macho.

Hapo ndipo ulipokwama wewe. Anwani yako si ya Google. Umeiweka ndani ya programu ya Gmail, lakini seva ni ya kampuni ya Nairobi, na seva hiyo haina mazoea na yule mlinzi wa Google. Kwa anwani za namna hiyo programu ya Gmail hairuki barua inapoingia. Inakwenda kuangalia kwa ratiba, na ratiba fupi kuliko zote unayoweza kuichagua ni kila dakika 15. Juu ya hapo, simu ikiwa imelazwa mezani muda mrefu, Android huzichelewesha hizo safari ili kuokoa betri. Dakika 15 zinakuwa saa nzima, au zaidi. Hukukosea kitu, ulichukua tu programu nzuri ukaipa kazi isiyo yake.

Ushauri wangu: iondoe hiyo anwani kwenye programu ya Gmail, uiweke kwenye Thunderbird ya Android. Hii ilitoka mwishoni mwa Oktoba 2024, imejengwa juu ya K-9 Mail, programu ya siku nyingi ambayo mafundi wengi tuliiamini. Inaijua ile kanuni ya IDLE niliyokuelezea, yaani inakaa yenyewe barazani pa posta. Na kwa kuwa Thunderbird ya laptopu unayo, huna haja ya kuandika upya majina ya seva na namba. Thunderbird mpya ya kompyuta ina sehemu ya kuhamishia akaunti kwenye simu: inakuonyesha msimbo wa QR kwenye skrini, unauskani kwa simu, akaunti inahamia. Ikikushinda, ingiza kwa mkono. Jina la seva utalipata kwenye mipangilio ya akaunti ya laptopu, mlango ni 993, na usalama uwe SSL/TLS.

Kisha usiishie hapo, maana wengi huishia hapo. Fungua orodha ya folda, nenda kwenye usimamizi wa folda, gusa sanduku la barua zinazoingia, uwashe kipengele cha kusukumiwa barua na kile cha arifa. Usiwashe kwa folda zote, sanduku hilo moja linatosha. Simu inaweza kukuomba ruhusa ya kengele na vikumbusho. Ipe, maana programu inaitumia kujiamsha kabla seva haijaikata. Halafu utaona juu ya skrini arifa ndogo isiyoondoka, ya kusema kwamba inangoja barua mpya. Usiione kero ukaizima programu kwa ajili yake, huyo ndiye kijana wako aliyekaa barazani. Anayetaka programu nyingine yenye tabia hiyohiyo, FairEmail nayo ni nzuri, ingawa mipangilio yake ni mingi na humtisha mgeni.

Sasa betri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wakirudi kwangu wakisema "nimefanya yote uliyosema na bado".

Mwaka juzi alinijia nahodha mmoja anayepeleka wageni Takwa, kule Manda. Anayepajua Takwa anajua kwamba njia ya kufikia magofu inapita kwenye mikoko na inataka maji yawe yamejaa. Maji yakitoka, chombo kinakaa juu ya matope na safari haipo. Kwa hiyo kwake barua iliyochelewa saa mbili ni safari iliyopotea, mpaka maji yajae tena. Simu yake ilikuwa na kila kitu sawasawa. Tukaketi barazani nje ya kwake, tukaiweka simu kifudifudi juu ya jiwe, tukaitisha chai ya tangawizi. Baada ya robo saa nikamtumia barua kutoka simu yangu. Kimya. Nikatuma ya pili, ya tatu, ya nne, nikiziachanisha kwa dakika kumi kumi. Kimya. Akainuka, akaiokota simu, akawasha skrini, na kabla hajagusa kingine zikalia zote nne kwa mpigo, ting ting ting ting, akacheka na kuudhika kwa pamoja.

Ishike dalili hiyo, dada yangu. Arifa zikija zote kwa pamoja pale unapowasha skrini, basi seva ni nzima, programu ni nzima, na mtandao ni mzima. Ni simu inayoizimisha programu ili betri idumu. Android ilianza na usingizi huo, uitwao Doze, kwenye toleo la 6 mwaka 2015, na watengenezaji wengi wa simu wameongeza juu yake ukali wao wenyewe. Dawa: kwenye mipangilio ya simu ingia penye programu, chagua Thunderbird, fungua betri, uiruhusu itumie betri bila kikomo. Simu nyingine zina orodha ya pili iliyofichwa, ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe. Hiyo nayo itafute, uitie Thunderbird. Simu ya nahodha ilikuwa na zote mbili, na ya pili ndiyo iliyokuwa inatuua.

Kuna vikwazo vingine vitatu vya haraka. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima ikuombe ruhusa ya kukuonyesha arifa, na aliyegusa "usiruhusu" siku ya kwanza kwa haraka hatasikia kitu milele. Pili, wengi wetu tunaonunua data kwa vipimo tumewasha kiokoa data, na hicho kinazizuia programu zisitumie data zikiwa hazionekani kwenye skrini. Kiache kiwake, lakini iingize Thunderbird kwenye orodha ya zilizosamehewa. Tatu, kile kitufe cha kuilazimisha programu isimame. Watu hukitumia wakidhani wanasafisha simu. Ukikigusa, programu inakufa na haiamki mpaka uifungue kwa mkono wako.

Jambo jingine ni la nyumba zetu wenyewe. Kama nyumba yenu ni ya kale, ya kuta nene za mawe ya matumbawe, basi mawimbi ya simu na ya Wi-Fi yanapita kwa taabu. Simu ikiwa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, au kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, inashika vizuri, ukiipeleka vyumba vya ndani kabisa inapapasa. Programu haikwambii kwamba njia imekatika, inajaribu tena kimyakimya, na mgeni anangoja. Tembea nyumba nzima siku moja na simu mkononi ukiangalia mistari ya mtandao, kisha chagua mahali simu itakapokaa mchana. Kijirafu karibu na kiwanda kinaweza kukufaa kuliko ruta mpya.

Kabla hujaendelea, angalia jambo hili kwenye laptopu, maana linaweza kuharibu kazi yote. Fungua mipangilio ya akaunti yako kwenye Thunderbird uone kama aina ya seva ni IMAP au POP. Ikiwa IMAP, barua inabaki kwenye seva na vifaa vyote vinaona jambo moja. Ikiwa POP, laptopu inazichukua barua na kuzileta kwake, na kama haikuambiwa iache nakala kwenye seva, simu itakuta sanduku tupu. Utakaa ukilaumu simu kumbe laptopu ndiyo iliyotangulia sandukuni. Hizo siku ambazo simu haikulia kabisa zinanifanya nishuku hili. Ukikuta POP, hifadhi kwanza nakala ya barua za zamani, kisha uiongeze akaunti upya kama IMAP.

Kuhusu data: Thunderbird ya kompyuta, isipoelekezwa, huteremsha nakala kamili ya kila barua ya IMAP pamoja na viambatisho vyake ili uweze kuisoma bila mtandao. Mgeni akikutumia picha 6 za pasipoti za familia yake, zote zinashuka kwenye laptopu hata usipozifungua. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya ulinganishaji na hifadhi. Ondoa alama kwenye kile kisanduku cha kuweka barua kwenye kompyuta hii, na barua zitashuka pale tu unapozifungua. Hapo ndipo pesa yako inapookoka.

Kama dada yako ana iPhone, njia yake ni tofauti, kwa sababu iPhone haiziachi programu za kawaida zikae barazani kutwa. Programu ya barua iliyokuja na simu nayo itaangalia anwani yenu kwa ratiba, kwa uchache kila dakika 15. Kwake fungua anwani ya Gmail ya pembeni, kisha kwenye paneli ya kampuni yenu ya Nairobi, ule ukurasa wa kusimamia anwani zenu, weka amri kwamba kila barua inayoingia itumwe nakala kwenye Gmail hiyo, na ya asili ibaki palepale. Aweke programu ya Gmail kwenye iPhone, na yule mlinzi wa Apple atafanya kazi yake papo hapo.

Njia hii ya nakala naipenda kama kengele, siipendi kama ofisi. Wageni wasijibiwe kutoka Gmail ya pembeni, wataona anwani nyingine na kushuku utapeli. Kengele ikilia, afungue anwani ya nyumba ajibu kutoka huko. Tena barua iliyopitishwa huonekana kwa Gmail kama imetoka kwa asiyehusika, na tangu Februari 2024 Google wamekaza masharti ya kuthibitisha mtumaji, kwa hiyo baadhi zinaweza kuangukia kwenye taka au kukataliwa. Na kwenye Gmail yenyewe kuna tabia ya kuzigawa barua mafungu: za watu upande huu, za matangazo upande ule, za taarifa upande mwingine. Kwa kawaida simu inalia kwa lile fungu la kwanza tu. Barua za tovuti za kuwekea vyumba hupenda kuangukia kwenye fungu la taarifa, na hapo zinaingia bila sauti. Nimewaona wenye nyumba za wageni Malindi wakiapa kwamba hawakupata barua, tukafungua fungu la pili tukazikuta zimejipanga. Zima hayo mafungu kwenye mipangilio ya sanduku la Gmail, na mwenye Gmail kwenye Android awashe, kwenye arifa za sanduku hilo, kile kipengele cha kulia kwa kila barua, la sivyo italia kwa ya kwanza na kunyamaza kwa zinazofuata.

Folda ya taka hailii kwenye programu hizi tulizozitaja. Maulizo ya wageni wapya, yenye viungo na maneno ya pesa, huonekana kama taka mara kwa mara. Ichungulie asubuhi na jioni.

Na tafadhali, usiweke neno lako la siri kwenye programu yoyote inayokuahidi arifa za barua bila kujua inafanyaje kazi. Baadhi yake zinalipeleka neno la siri kwenye seva zao wenyewe ili ziingie sandukuni badala yako. Sanduku lenu lina pasipoti za watu. Wanaotumia Gmail na programu ndogo za kuchungulia huenda wakadaiwa neno la siri la programu, la herufi 16, kwa sababu tangu Mei 2022 Google hawakubali tena programu za namna hiyo ziingie kwa neno la siri la kawaida kwenye akaunti za watu binafsi. Usione tabu kulitengeneza, likivuja unalifuta lenyewe na akaunti inabaki salama.

Ukimaliza yote, jaribu kama tulivyojaribu na nahodha. Usijaribu mara tu baada ya kupanga, simu iliyo mkononi hulia daima. Ilaze kifudifudi pale utakapoiweka kila siku, nje ya chaji, skrini imezimwa, uiache saa nzima bila kuigusa. Mwambie dada yako akutumie barua kutoka anwani nyingine, na wewe angalia saa ya ukutani. Ikilia ndani ya dakika moja au mbili, umefika. Ikichelewa, kabla hujawasha skrini ngoja dakika 10 zaidi, kisha uwashe uone kama inalia papo hapo au bado. Niandikie matokeo hayo mawili, pamoja na aina ya simu na kama laptopu ilikuwa IMAP au POP, nami nitajua pa kushika.